Je, Ugonjwa Humshtaki Mgonjwa?

Wasomaji wetu wa sharika zote, na hasa ninyi walimu ambao huketi na wagonjwa usiku kuliko sisi wachungaji: mwezi huu twataka kuandika habari za neno moja lililotusumbua tangu mavuno ya mwaka jana. Si neno jipya. Wazee wetu waliliuliza kabla ya kuisikia Injili, na sisi tuliokwisha kuisikia twaliuliza bado, ila kwa sauti ya chini. Mtu akipatwa na ugonjwa mzito, tena wa ajabu, mara twauliza: Amefanya nini? Na kama yeye hakufanya, ni nani aliyefanya?

Katika usharika wetu yuko kijana wa miaka 24, fundi seremala, mwimbaji wa sauti ya chini katika kwaya. Haya twayaandika kwa ruhusa yake mwenyewe, maana tulimwendea tukamwomba, naye akasema, “Baba Mchungaji, andika, ila jina langu liache.” Alianza kwa kukohoa. Kisha akawa hawezi kupanda kilima cha kanisani pasipo kupumzika mara mbili. Asubuhi uso wake ulivimba, na mishipa ya shingo ikasimama kama kamba. Mahali alipokwenda kwanza alipewa dawa za kifua kikuu, akazimeza miezi miwili, wala hakupata nafuu. Hatuwalaumu sana waliompa. Katika nchi yetu wengi wanaokohoa hivyo huwa na kifua kikuu kweli, na ugonjwa aliokuwa nao yeye, yamkini tabibu atafanya kazi maisha yake yote asiuone hata mara moja. Mwishowe alipigwa picha, pakaonekana kivuli kikubwa nyuma ya mfupa wa kidari, mbele ya moyo. Akapelekwa hospitali kubwa.

Huko daktari alifanya mambo mawili yaliyowashangaza ndugu zake. La kwanza, ugonjwa ulikuwa kifuani, naye akataka kumpima korodani, kwa mkono na kwa mashine ya mawimbi ya sauti. Hakuona kitu, zilikuwa salama. La pili, walipokuwa wakingoja majibu ya damu, aliuchukua mkojo wake akaupima kwa kile kijiti wanachopimiwa wanawake ili wajue kama wana mimba. Kijiti kikaonyesha mistari miwili. Daktari aliijua maana yake, nasi tutaieleza. Lakini mtu mmoja aliyepita pale hakuijua, naye alikuwa na ulimi. Habari ilifika kwetu kabla ya basi lililomrudisha mama yake.

Wengine walisema kijana amelogwa, ndiyo maana mwanamume ameonekana ana mimba. Wengine, waliojiona wana elimu zaidi, walisikia ya kwamba daktari ametaja mbegu za uzazi, wakasema: Basi, ni ugonjwa wa zinaa, mchana alikuwa akiimba, na usiku alikuwa na njia zake. Baba wa mchumba wake akaja nyumbani kwetu pamoja na ndugu zake wawili, akaketi, akakataa chai, akauliza neno moja tu: “Mchungaji, binti yangu nimtoe au nimzuie?” Na katika baraza la wazee wa kanisa likaletwa shauri kwamba kijana asipewe Chakula cha Bwana mpaka atakapoungama.

Nasi tulifanya nini? Imetupasa kusema. Yule baba tulimjibu, “Tungoje kwanza, tuone.” Barazani hatukulipinga shauri, tukasema tutamwuliza mgonjwa mwenyewe. Tukaenda hospitali, tukasoma, tukaomba, kisha tukainama karibu na sikio lake tukasema, “Mwanangu, je, hakuna neno ambalo ungependa kuliungama?” Alikuwa ameketi kitandani, maana kulala hakuweza kwa kukosa pumzi. Alitutazama kitambo kirefu. Akasema, “Baba, mimi nimekohoa tu.”

Tulitoka nje. Daktari alitukuta tumesimama penye mlango wa wodi, akatuuliza kama twapenda kuujua ugonjwa wenyewe. Aliketi nasi karibu saa nzima, akachora kwa kalamu nyuma ya karatasi ya dawa. Aliyotufundisha siku ile, pamoja na mengine tuliyoyasoma baadaye, ndiyo tunayotaka kuwapa ninyi, maana tumeona ya kuwa nusu ya kosa letu ilikuwa ujinga.

Mtoto anapoanza kufanyika tumboni mwa mama, si kila kitu chake huanza pale kitakapokaa. Ziko chembe ndogo mno, zisizoonekana kwa macho, ambazo siku moja zitakuwa mbegu za mwanamume au mayai ya mwanamke. Mtu angedhani huanza pale pale penye viungo vya uzazi. Sivyo. Katika juma la tatu na la nne, wakati kiumbe mwenyewe hajapita urefu wa punje ya mchele, chembe hizo huonekana nje ya mwili wake, katika ukuta wa mfuko mdogo ulio mfano wa kiini cha yai. Toka huko husafiri. Huufuata utumbo unaoanza kufanyika, hupanda kwa upande wa nyuma wa tumbo, na kwa juma la tano au la sita hufika mahali ambapo viungo vya uzazi vitajengwa. Ni safari ya milimita chache. Lakini kwa kitu kidogo vile, ni kama mtu atokaye pwani kwenda ziwa Tanganyika kwa miguu.

Na katika msafara wo wote wako wanaoiacha njia. Chembe nyingi zinazoiacha hufa, na mwili huziondoa. Walakini wataalamu wengi hufikiri kwamba mara chache sana chembe fulani hubaki hai pale zilipokwama, zikalala kimya miaka mingi. Zikiamka na kuanza kugawanyika pasipo kiasi, ndipo huwa uvimbe. Nao uvimbe huo huonekana karibu daima katika mstari wa katikati ya mwili: kichwani, karibu na tezi ndogo iliyo ndani kabisa ya ubongo, kifuani, nyuma ya kidari, tumboni kwa nyuma, karibu na uti wa mgongo, na kwa watoto wachanga, chini kabisa kwenye kifandugu. Daktari aliweka nukta nne katika picha yake, toka juu hata chini, akatuonyesha kwa ncha ya kalamu jinsi zinavyofuatana kama vituo vya barabara moja. Hatujaisahau picha ile.

Kwa watu wazima uvimbe wa chembe za uzazi karibu wote huanza katika viungo vya uzazi vyenyewe. Unaoanzia nje ni kama miwili mpaka mitano katika kila 100. Ndiyo sababu alimpima kijana korodani. Alitaka kujua kama ugonjwa wa kifua ulianzia huko ukasambaa, au umeanzia kifuani penyewe. Swali lake lilikuwa la mahali, wala si la mwenendo.

Na kile kijiti? Chembe hizi zinazohusika na kuanzisha uhai mpya, zikiwa uvimbe huweza kutoa vitu ambavyo kwa kawaida hutoka wakati wa mimba. Kimoja ni homoni iitwayo hCG, ambayo kwa mwanamke mwenye mimba hutolewa na kondo la nyuma, nayo ndiyo inayotafutwa na kijiti. Kijiti hakimjui mwanamume wala mwanamke. Huijua homoni tu. Homoni hiyo huweza hata kuvimbisha matiti ya mwanamume, na kijana wetu naye alikuwa ameanza kuyaficha matiti yake kwa koti zito wakati wa jua kali, akiona haya, wala hakumwambia mtu. Kitu cha pili ni protini iitwayo alfa-fetoprotini, ambayo mtoto aliye tumboni huwa nayo nyingi. Madaktari huvipima vyote viwili katika damu, kabla ya dawa na baada ya dawa, wapate kujua kama uvimbe unakufa. Basi kile kilichokuwa fedheha midomoni mwa watu kilikuwa taa mkononi mwa daktari.

Tena, kwa kuwa chembe hizo zina uwezo wa kuwa kiungo cho chote cha mwili, katika uvimbe mwingine wa jamaa hii hukutwa nywele, au mfupa, au jino. Wenye elimu wa Ulaya waliuita teratoma, kwa neno la Kiyunani litajalo dubwana au ajabu ya kutisha. Twasema wazi, jina hilo halitupendezi. Wao nao walipoona jambo wasiloweza kulieleza walitafuta neno la hofu, sawasawa na bibi zetu.

Sasa tupime. Kijana wetu alishtakiwa kwa mambo aliyodhaniwa kuyatenda akiwa na miaka 20 na zaidi. Lakini kama mafundisho haya ni kweli, jambo lenyewe lilianza yeye akiwa na majuma matano tumboni, mikono yake haijafanyika, hana ulimi, hana jina, na mama yake yamkini hajajua bado kama ana mimba. Ni amri gani aliyoivunja siku ile?

Mzee mmoja wa baraza, mtu tunayemheshimu sana, alipoyasikia haya akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Basi si yeye, ni mama yake.” Tazameni jinsi mshtaki asivyopenda kurudi nyumbani mikono mitupu! Tukamwambia ya kuwa hakuna tendo la mama linalojulikana kuwa chanzo cha ugonjwa huu: si chakula, si safari, si ugomvi na mawifi. Wala ugonjwa hauambukizwi kwa kulala pamoja, wala kwa kikombe, wala kwa nguo. Wako wanaume waliozaliwa na kromosomu moja zaidi, kama mmoja katika kila 600, ambao hali yao ilielezwa na daktari Harry Klinefelter wa Marekani mwaka 1942; hao uvimbe wa kifuani huwapata zaidi kuliko wengine, ijapokuwa walio wengi wao hawaupati kamwe. Hata hilo hutokea wakati yai au mbegu inapofanyika. Hakuna mzazi aliyelichagua, wala aliyelijua.

Pengine mtu atasema, maneno ya watu ni upepo tu, yatapita. Hayapiti bure. Twaijua nyumba moja, si ya usharika wetu, alimozaliwa mtoto wa kike mwenye uvimbe kwenye kifandugu, ukubwa wa chungwa. Uvimbe wa namna hii hupata mtoto kama mmoja katika 40,000 wanaozaliwa, wasichana zaidi kuliko wavulana. Mtoto akizaliwa nao, mara nyingi si saratani bado. Mpasuaji akiuondoa mapema pamoja na kifandugu chenyewe, walio wengi huendelea kukua kama watoto wengine. Lakini miezi ikipita, hatari ya kugeuka saratani huongezeka. Katika nyumba ile mtoto alifichwa miezi saba. Si kwa kukosa nauli tu. Walikuwa wakimtafuta mkosaji. Bibi wa upande wa baba alisema mama amevunja mwiko. Upande wa mama wakasema ukoo wa baba una deni la zamani. Mbuzi wawili walichinjwa. Na mezani ilikuwapo Biblia, nasi tumeiona. Mtoto alipofikishwa hospitali, uvimbe haukuwa tena ule wa kwanza. Hatuna la kuongeza hapo.

Turudi kwa yule mzee wa baraza, maana hakuwa mtu mbaya, naye alituuliza neno lililostahili jibu. Alisema, “Mchungaji, panapofuka moshi pana moto. Je, mlevi asiambiwe kwamba pombe imemwharibu ini? Mvuta tumbaku asiambiwe habari za mapafu yake? Mkisema hakuna mwenye hatia, vijana watasema hakuna dhambi.” Tulikaa na swali hili majuma mengi. Jibu tulilolipata ni hili: sababu ni kitu kimoja, na hatia ni kitu kingine. Sababu hutafutwa ili kuponya au kuzuia. Hatia hutafutwa ili kuhukumu. Mvuta tumbaku aambiwe, tena mapema, angali mzima, apate kuacha. Hiyo ni kazi ya upendo. Lakini akiisha kulala kitandani na pumzi zake zahesabika, ni nani aliyetuita kusoma hati ya mashtaka? Daktari alipouliza, “Ugonjwa umeanzia wapi?” jibu lilimwonyesha dawa. Sisi tulipouliza, “Nani amekosa?” jibu lo lote ambalo tungalipata lisingalimpunguzia mgonjwa kikohozi kimoja.

Na lugha yetu wenyewe hutukwaza hapa. Sisi tulipotaka kuwaeleza akina mama wa usharika habari za ugonjwa, tulisema ni chembe zilizopotea njia. Mama mmoja mara akatikisa kichwa kwa huzuni, akasema, “Kumbe alipotea!” Maana kwetu sisi mtu aliyeacha kanisa amepotea, na binti aliyetoroka nyumbani amepotea, na kondoo wa mfano amepotea. Chembe haikutoroka wala haikuasi. Haikuwa na moyo wa kuasi. Neno mbegu nalo lina mzigo wake. Likitamkwa hadharani watu huinamisha macho na kuwaza kitanda. Tangu siku ile twasema chembe zilizobaki njiani, nasi twawaomba ninyi walimu myachunguze maneno yenu kabla ya kuyapeleka penye wagonjwa. Neno moja ovyo laweza kumhukumu mtu kabla hujafika katikati ya maelezo yako.

Lakini kwa nini twampenda mkosaji hata tusipomwona twamtengeneza? Tumelifikiri sana jambo hili, maana tuliliona ndani yetu wenyewe. Sisi watazamaji twamtafuta kwa sababu ya hofu. Kama yule kijana ameugua kwa ajili ya zinaa, basi mwanangu asiyezini yuko salama, nami nitalala usingizi. Kama ameugua pasipo kosa, basi ugonjwa waweza kuingia na kwangu usiku wa leo, wala sina ukuta. Ili tujipatie ukuta, twamvunjia mwingine nyumba yake.

Hilo ni la watazamaji. La wenye msiba ni zito zaidi. Usiku mmoja, katika ua wa hospitali ambako ndugu za wagonjwa hupika, mama wa kijana alituambia, “Baba, afadhali ningejua nimekosa nini. Ningetubu, mambo yakaisha.” Hakuwa akisema kwa kuwa watu wamemtia hatiani, alikuwa akiitamani ile hatia. Kwake ilikuwa rahisi zaidi kuwa mkosaji katika dunia yenye utaratibu kuliko kuwa mtu asiye na kosa katika dunia ambamo chembe moja hukwama gizani na miaka 24 baadaye mwana hukosa pumzi. Mkosaji ana la kufanya: atatubu, atalipa, atatoa mbuzi. Asiye na kosa hana la kufanya ila kuchochea moto chini ya sufuria na kungoja asubuhi.

Tulitaka kumjibu. Tunajua kusema, kusema ndiyo kazi tuliyofundishwa. Lakini tuliwakumbuka wale rafiki watatu wa Ayubu, ambao siku saba waliketi naye chini pasipo neno, na wakati huo wote walikuwa rafiki wema. Walianza kukosa siku walipofumbua vinywa. Tukamsaidia kukoroga uji. Bwana wetu naye aliulizwa swali hili hili, habari za mtu aliyezaliwa kipofu, akalikataa kwa pande zote mbili, upande wa mtoto na upande wa wazazi, kisha akashughulika na macho yake. Fungu hilo tumelihubiri mara nyingi tusizoweza kuzihesabu. Tulipofika penye kitanda tulilisahau.

Liko jambo jingine tunalotaka mlifikiri, nalo ni habari ya dawa. Katikati ya karne ya 19 Mwitalia mmoja, Michele Peyrone, alitengeneza chumvi fulani yenye madini ya platini ndani yake. Hakuna aliyejua ina faida gani kwa mgonjwa. Miaka zaidi ya 100 ikapita. Mwaka 1965, huko Michigan katika Marekani, Barnett Rosenberg alikuwa akijaribu jambo lisilohusu saratani hata kidogo: alitaka kuona umeme unafanya nini kwa bakteria. Akaona bakteria wameacha kugawanyika, wamekuwa warefu kama nyuzi. Alipochunguza, umeme haukuwa na kosa wala sifa. Vipande vya platini alivyovitumia kupitishia umeme vilikuwa vimetoa kitu ndani ya maji, na kitu hicho kilikuwa jamaa ya ile chumvi ya Peyrone. Ndiyo dawa iitwayo cisplatin. Mwaka 1974, huko Indiana, daktari Lawrence Einhorn aliichanganya na dawa nyingine mbili akampa kijana mmoja ambaye saratani ya korodani ilikuwa imemwenea mwilini, na kijana yule akapona. Mwaka 1978 serikali ya Marekani iliruhusu dawa hiyo itumike. Hata leo ndiyo iliyo katikati ya matibabu ya chembe hizi, zikiwa korodani au zikiwa kifuani.

Tazameni basi. Kitu kile kiligunduliwa na mtu aliyekuwa akitafuta kingine. Kijana wetu hakukistahili kwa wema wo wote. Hata hakuwa amezaliwa. Lakini chupa ya dawa ilipotundikwa na kuanza kudondoka katika mshipa wake, hakuna mzee wa baraza aliyeuliza, “Amefanya nini hata apewe kitu chema hivi?” Twaipokea dawa kama zawadi, twashukuru, twaimba. Ugonjwa ndio tunaoutaka uwe mshahara. Sisi tunaofundisha kila Jumapili habari za neema tulipaswa kuliona jambo hili kabla ya watu wote, nasi tuliliona mwisho, tena kwa kufundishwa na daktari ambaye hata hatukumwuliza ni wa dini gani.

Hatutaki kuwadanganya kwa matumaini mepesi. Uvimbe wa kifuani wa aina iitwayo seminoma hupona vema. Kama watu tisa katika kumi huwa hai baada ya miaka mitano. Wa kijana wetu si aina hiyo. Wake madaktari huuweka katika kundi la hatari. Hesabu za mataifa mengi zilizotolewa mwaka 1997 zilionyesha ya kuwa karibu nusu ya wagonjwa wa kundi hilo walikuwa hai baada ya miaka mitano. Hesabu mpya za mwaka 2021 zikaonyesha 67 katika kila 100. Na wale ambao ugonjwa wao umeanzia kifuani wako upande mgumu wa kundi hilo. Haya kijana anayajua. Aliomba aambiwe, naye aliambiwa.

Amemaliza mizunguko minne ya dawa, kisha akapasuliwa kifuani waondoe mabaki. Nywele zimeota tena. Tangu dawa zile husikia mlio mwembamba masikioni, naye asema humkera zaidi kwaya inapoanza kutafuta sauti. Ameambiwa pia kwamba yamkini hatapata watoto, ingawa si hakika.

Barazani tulisimama tukasema kwamba shauri lile la kumzuilia Chakula cha Bwana lilikuwa kosa, na ya kuwa mchungaji ndiye aliyekuwa wa kwanza kulipinga kama angalikuwa mchungaji kweli. Likafutwa kitabuni. Kwa kijana tulikwenda peke yetu tukamwomba radhi kwa ajili ya swali lile. Alisema, “Yamekwisha, Baba,” lakini hakututazama, nasi hatukumlazimisha.

Tulikwenda pia kwa baba wa mchumba wake tukamweleza yote, nukta nne, kijiti, na mengine. Alitusikiliza mpaka mwisho, akatukaribisha chai, nasi tukanywa. Kisha akasema, “Tungoje kwanza, Mchungaji, tuone.” Yalikuwa maneno yetu wenyewe, hatukuwa na la kumjibu. Binti, twasikia, hakungoja. Siku za dawa alikuwa akipanda basi la alfajiri na kapu la chakula, na baba yake anajua, wala hasemi kitu.

Mwezi ujao kijana atakwenda tena kupimwa damu. Nauli ya watu wawili imekwisha kutolewa na akina mama wa usharika, na yule mzee wa baraza ameomba awe yeye wa kumsindikiza.